Mathenge, Mrashia na Swali la Nani Aliulizwa

Mwaka 2006 wakazi wa Marigat, katika eneo la Baringo nchini Kenya, walikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi kuishitaki serikali yao kwa sababu ya mti. Miongoni mwa vielelezo vyao alikuwemo mbuzi asiye na meno. Walidai kwamba meno yale yaliharibiwa na maganda matamu ya mti ulioletwa kwao na wataalamu, na kwamba mbuzi aliyepoteza meno hufa njaa huku malisho yamemzunguka. Magazeti yaliipenda habari ile kwa kichekesho chake. Wakati huo nilikuwa ndiyo kwanza naanza masomo ya shahada ya pili, na nakiri kwamba nilicheka pia.

Sicheki tena. Septemba iliyopita nilikwenda kumsalimu mjomba wangu, anayeishi kwenye tambarare zilizo kusini mwa Mlima Kilimanjaro. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Nyasi zilikuwa zimegeuka vumbi, na migunga ilikuwa imepukutisha majani. Lakini kando ya birika la kunyweshea mifugo kulikuwa na kichaka cha kijani kibichi, kimenawiri kana kwamba kina mfereji wake binafsi. Nilikitambua kabla sijakifikia, kwa sababu miaka michache kabla ya hapo nilikaa Marigat majuma mawili nikifuatilia historia ya miradi ya maendeleo.

"Huo ni mrashia," mjomba aliniambia, kwa fahari kidogo. "Mbuzi wanayapenda maganda yake, na kivuli chake si haba."

"Mjomba, kwa heshima zote, huu tuung'oe leo hii," nikamjibu.

Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza: "Nikiung'oa, mwanangu, kivuli utaniletea wewe kutoka huko chuoni?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu mjomba, na kupitia kwake kuwajibu wanafunzi wangu, wanaharakati na watumishi wa umma ambao siku moja watasimama mbele ya kichaka kama kile na kutakiwa kuamua.

Mti wenyewe asili yake ni Amerika ya Kati, kaskazini mwa Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Wanasayansi waliujua kwa muda mrefu kwa jina la Prosopis juliflora. Mwaka 2022 wataalamu wa mimea waliigawa upya jenasi hiyo, na sasa katika maandishi mapya utaukuta ukiitwa Neltuma juliflora. Watumishi wanaotafuta taarifa zake wayatafute majina yote mawili. Mahali penye maji unaweza kuwa mti wa mita kumi na zaidi. Mahali pakavu, au unapokatwakatwa, huwa kichaka chenye mashina mengi ambacho ng'ombe hapenyi wala mtu hapiti.

Majina ya kitaalamu, hata hivyo, hayatuambii mengi kuhusu historia. Majina ya wananchi yanatuambia. Nchini Kenya mti huu huitwa mathenge, na inaelezwa kwamba hilo lilikuwa jina la ofisa wa misitu aliyehusika kuusambaza. Katika Kikuyu, thenge ni beberu, na Mswahili hahitaji kukumbushwa maana ya pili ya neno hilo. Wailchamus wa Baringo huuita pia promi, jina ambalo masikio yanalitambua mara moja kuwa limetokana na Prosopis, yaani lugha ya watu wa mradi. Waafar wa Ethiopia wameuita Woyane, jina la vuguvugu la Tigray lililotwaa madaraka nchini humo mwaka 1991. Wasomali huuita garanwaa, yaani usiojulikana. Omani, ambako mti wa asili wa ghaf unaheshimiwa sana, huyu mgeni anaitwa ghaf bahri, ghaf wa baharini. Nchini India jina lake maarufu ni vilayati babul, na hapa msomaji wa Kiswahili asimame kidogo: vilayati na Ulaya ni neno moja, yote mawili yametokana na wilaya ya Kiarabu. Wahindi wanauita mgunga wa Ulaya, ingawa asili yake si Ulaya. Walichokuwa wakikitaja ni njia uliyopitia.

Ukiyapanga majina hayo pamoja utaona kwamba karibu yote yanajibu swali moja: nani aliuleta? Wananchi hawakuuita mti wa miiba, wala mti wa maganda. Waliupa jina la ofisa, la mradi, la chama tawala, la ng'ambo. Wameweka kumbukumbu ya uwajibikaji mahali ambapo hapana ofisi inayoweza kuifuta.

Safari yake ni ndefu. Uliingizwa India katika karne ya 19, wakati wa utawala wa Waingereza. Mwaka 1940 mtawala wa Jodhpur aliutangaza kuwa mti wa kifalme, raia wakatakiwa kuulinda. Leo katika Kigujarati unaitwa gando baval, mgunga mwehu. Sudan uliletwa mwaka 1917, ukapandwa Shambat karibu na Khartoum, na baadaye ukatumiwa kuzuia mchanga mashariki mwa nchi. Mwaka 1995 serikali ya Sudan iliamuru uteketezwe. Amri hiyo haikuumaliza. Hivyo kabla haujapandwa Baringo, tayari ulikuwa na wasifu. Wafugaji wa Texas walikuwa wamepigana kwa miongo kadhaa na ndugu zake wa karibu, kwa mashoka, dawa na matingatinga. Australia na Afrika Kusini nazo zilikwisha kuona unavyovamia malisho.

Kwa nini basi uliletwa? Hapa ndipo mwanahistoria anapotakiwa kurudi nyuma zaidi ya mti wenyewe.

Baringo haikuwa jangwa lililosubiri kuokolewa. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani iliyokwenda kaskazini kutafuta pembe za ndovu ilitua Njemps, kusini mwa Ziwa Baringo, kununua nafaka. Wailchamus walimwagilia mashamba yao kwa mifereji waliyoichimba na kuisimamia wenyewe. Joseph Thomson, Mskoti aliyefika huko mwaka 1883 kwa kutegemea sana uzoefu wa mfanyabiashara wa pwani Jumbe Kimameta, alikuta mahali ambapo msafara wenye njaa ungeweza kupumzika na kula. Kwa maneno mengine, babu zetu wa pwani waliijua Baringo kama ghala.

Ukoloni ulibadili hali hiyo. Malisho ya nyanda za juu za Laikipia, ambayo wafugaji wa bondeni waliyategemea wakati wa ukame, yaligawiwa walowezi. Mifugo ikabanwa kwenye eneo dogo lenye udongo mwepesi. Ukame na nzige wa mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 vikafuata. Maofisa walipoyatazama makorongo na udongo mwekundu uliokuwa wazi, waliandika kwamba tatizo ni Mwafrika mwenye mifugo mingi kupita kiasi. Mwanahistoria David Anderson ameyaeleza hayo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu siasa za ikolojia ya Baringo. Kuanzia hapo Baringo ikawa mgonjwa wa kudumu wa serikali: kila kizazi cha maofisa kilikuja na tiba yake, na mgonjwa hakuulizwa anaumwa wapi.

Uhuru haukuuvunja mtazamo huo. Ukame wa Saheli wa kati ya mwaka 1968 na 1974 uliitisha dunia. Mwaka 1975 Erik Eckholm, Mmarekani, alichapisha andiko lililoieleza kuni kuwa ndiyo shida nyingine ya nishati, ile ya maskini. Mwaka 1977 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa kuhusu kuenea kwa jangwa, na ulifanyika Nairobi. Mwaka 1980 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa kitabu cha miti inayofaa kwa kuni, na Prosopis juliflora ulikuwemo. Katika hali kama hiyo, mti unaokua haraka, unaovumilia chumvi na ukame, unaotoa kuni, maganda na kivuli, ulionekana kama jibu la maombi.

Kenya ulikwisha kupandwa mwaka 1973 katika machimbo ya Bamburi, karibu na Mombasa, kufunika ardhi iliyokwanguliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo kupitia mradi wa kuni na upandaji miti wa Serikali ya Kenya na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Ulipandwa pia katika maeneo mengine makavu, likiwemo bonde la Mto Tana.

Haki inataka tuseme kwamba waliouleta hawakuwa na nia mbaya, na kwamba mwanzoni mti ulitimiza ahadi yake. Wazee niliozungumza nao Marigat walikumbuka dhoruba za vumbi zilizokuwa zikifunga shule, na jinsi zilivyopungua. Kina mama walikumbuka kuni zilizosogea karibu na nyumba. Mama mmoja aliniambia kwamba alibeba maji kichwani kumwagilia miche hiyo, na sasa miche hiyo imemfukuza shambani kwake. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesimulia habari za mkwe aliyekuja na zawadi nyingi kisha akahamia kabisa.

Kilichotokea baadaye kinaeleweka kwa urahisi ukijua mwili wa mti wenyewe. Maganda yake ni matamu, na mifugo huyafuata. Mbegu zilizomo zina gamba gumu ambalo tumbo la mbuzi au ng'ombe haliliharibu, bali hulilainisha tu. Mnyama hutembea siku kadhaa, kisha huiacha mbegu mahali papya, ikiwa imezungukwa na samadi. Mbegu ambayo haikuota mwaka huu inaweza kukaa udongoni miaka mingi ikisubiri mvua. Mizizi hufuata maji chini sana: katika mgodi mmoja wa Arizona, mizizi ya mti wa jenasi hii ilikutwa mita 53 chini ya ardhi. Ukiukata juu ya ardhi haufi. Huchipua mashina mengi pale palipokuwa na moja.

Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilizisomba mbegu na kuzisambaza mabondeni. Watafiti waliotumia picha za satelaiti walikadiria kwamba mwaka 1988 mathenge ulifunika hekta 882 katika Baringo. Kufikia mwaka 2016 zilikuwa hekta 18,792. Hiyo ni wastani wa hekta 640 kila mwaka, kwa miaka 28. Malisho ya nyasi yalipungua. Njia za mifugo kwenda majini ziliziba. Miiba ilitoboa matairi na miguu, na majeraha yake huvimba na kuchelewa kupona. Mbuzi waliokosa lishe nyingine wakala maganda mfululizo, na sukari ikafanya kazi yake kwenye meno. Hata mbu wananufaika na maua yake: katika vijiji vya Bandiagara nchini Mali, watafiti walipoondoa matawi yenye maua, idadi ya mbu wa Anopheles ilipungua kwa karibu asilimia 70, kama walivyoripoti mwaka 2017.

Mwaka 2008 Kenya iliutangaza rasmi kuwa gugu hatari chini ya sheria yake ya kudhibiti magugu. Wengi walishangilia. Lakini isomeni sheria hiyo kwa jicho la mfugaji. Ni sheria ya zama za ukoloni, na msingi wake ni kwamba mwenye ardhi ana wajibu wa kutoa taarifa ya gugu lililo katika ardhi yake na kuliondoa. Serikali ilishiriki kuupanda mti, kisha ikautangaza kuwa haramu, na mzigo wa kuung'oa ukamwangukia yule aliyepandiwa. Mbuzi asiye na meno alipelekwa mahakamani kuuliza hasa swali hilo, na kichekesho cha magazeti kilitufanya tusilisikie.

Tangu hapo mjadala umegawanyika kati ya kambi mbili. Kambi moja inasema mti uteketezwe. Nyingine inasema hauwezi kuteketezwa, basi utumike: uchomwe mkaa, maganda yasagwe yawe chakula cha mifugo, shina litoe nguzo, maua yalishe nyuki. Hoja ya pili ina mantiki, na kaya nyingi za Marigat zimesomesha watoto kwa mkaa wa mathenge. Kusaga maganda kuna faida ya ziada, kwa sababu kinu kinaivunja mbegu ambayo tumbo haliwezi kuivunja.

Hata hivyo nimefikia hitimisho kwamba matumizi peke yake si udhibiti. Mchoma mkaa hukata shina, haondoi kisiki. Baada ya mwaka kichaka hurudi kikiwa kizito zaidi. Anayeishi kwa mkaa hana sababu ya kuumaliza mti unaomlisha, na hatuwezi kumlaumu. Tena mkaa ukishakuwa kwenye gunia ni vigumu kuujua ulitokana na mti gani, hivyo mgunga wa asili nao hukatwa na kusafirishwa kwa jina la mathenge. Afrika Kusini ilijaribu kuwapendeza watu wote. Mwaka 1987 ilianza kuachia wadudu wanaokula mbegu tu, ili mti ubaki na manufaa yake huku kuenea kukipungua. Mti uliendelea kuenea. Matumizi yana maana pale yanapofuatwa na kung'oa kisiki na kupanda nyasi mahali pake. Yakiachwa peke yake ni biashara tu.

Kuna hoja mpya ambayo watumishi wa umma wataisikia sana miaka ijayo: kwamba vichaka hivi vinahifadhi hewa ya ukaa, kwa hiyo viachwe na viuzwe kama kaboni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu Baringo hiyo hiyo unatupa tahadhari. Ulionyesha kwamba kurejesha nyasi katika ardhi iliyochakaa huongeza kaboni udongoni bila kupoteza malisho na huduma nyingine za ardhi, ilhali uvamizi wa Prosopis una gharama zake. Atakayekuja na mkataba wa kaboni aulizwe kwanza ng'ombe watakula nini.

Je, kulikuwa na njia nyingine katika miaka ile ile ya 1980? Ilikuwepo, na ilikuwa hapa kwetu. Mwaka 1986 Tanzania ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Nao ulianza kwa fikra za zama zake: vitalu na miche ya kugawa, mingi ikiwa ya kigeni. Lakini wataalamu wake walifanya jambo lililoonekana dogo. Waliwasikiliza Wasukuma, ambao walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kulitenga eneo la malisho wakati wa masika ili litumike kiangazi. Mradi ukaacha kusukuma miche na kuanza kuziimarisha ngitili, za kaya na za kijiji, zikisimamiwa kwa sheria za wananchi wenyewe. Miti ya asili ilichipua kutoka visiki na mbegu zilizokuwa tayari udongoni. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejeshwa. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa.

Shinyanga haina uzuri wa peke yake. Ngitili nyingine zilihodhiwa na wenye uwezo, na migogoro ya malisho haikuisha. Lakini ulinganifu huu unafundisha. Ukame ulikuwa ule ule, muongo ule ule, hofu ile ile ya jangwa. Marigat walipelekewa jibu lililokwisha kuandaliwa kwingine. Shinyanga waliulizwa wao walikuwa wakifanya nini kabla hatujafika. Tofauti ya matokeo tunaiona hadi leo kwenye picha za satelaiti.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu mti umekwisha kufika. Watafiti waliuripoti katika eneo la Kahe, mkoani Kilimanjaro, na chapisho lao la mwaka 2017 lililitumia jina la wenyeji, mrashia. Hatuko pale ilipo Baringo. Tuko karibu na pale Baringo ilipokuwa mwaka 1988, na hiyo ndiyo bahati yetu pekee. Shina moja kando ya birika linang'olewa na watu wawili kwa asubuhi moja. Hekta elfu kumi na nane hazing'olewi na mtu.

Kwa hiyo ni lazima tuujue kwa sura. Mtu anaweza kuufananisha na mgunga, na wengi hufanya hivyo. Angalia kwanza wakati: kiangazi kikali, miti mingine imepukutisha, huu bado kijani. Tazama maua: mgunga wenye kilele bapa una maua meupe ya mviringo kama vifungo, ilhali mrashia una maua ya manjano yaliyopangana kama mkia mrefu, wa sentimita tano hadi kumi na tano. Tazama maganda: ya mgunga huo hujikunja kama chemchemi ya waya, ya mrashia yamenyooka au yamepinda kidogo, hugeuka manjano yakiiva, na hayapasuki. Miiba yake imenyooka, kwa kawaida miwili miwili kwenye kila kifundo. Jani limegawanyika jozi moja hadi tatu tu, kila moja likiwa na safu ya vijani vyembamba. Usitegemee dalili moja. Zikikutana tatu au nne, toa taarifa.

Mahali pa kutafuta ni pale mifugo inaposimama: mabirika, mazizi, minada, vituo vya malori ya ng'ombe, kingo za mito na mifereji ya umwagiliaji. Mche mchanga hung'oleka kwa mkono baada ya mvua. Ulio mkubwa zaidi uchimbwe kwa sururu, na mzizi ukatwe sentimita kumi hadi thelathini chini ya uso wa ardhi, kwa sababu machipukizi hutoka sehemu ya juu ya mzizi. Kukata juu au kuchoma moto pasipo kuchimba ni kupoteza nguvu. Maganda yaokotwe kabla ya kuliwa. Mifugo iliyokula maganda ifungiwe mahali pamoja kwa takriban juma moja kabla ya kuhamishiwa malisho safi. Na eneo lilindwe kwa miaka, maana mbegu za zamani zitaota tu. Panapokuwa wazi papandwe nyasi za asili mara moja, vinginevyo mti utarudi kudai nafasi yake.

Tunayo sheria ya afya ya mimea ya mwaka 2020 na mamlaka iliyoundwa chini yake, TPHPA, yenye makao Arusha. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Hatupungukiwi na karatasi. Ninachokiogopa ni kurudia kosa la sheria ya magugu ya Kenya: kumwandikia mfugaji barua ya onyo na kumpa siku thelathini. Halmashauri iliyo makini ingelipa kazi ya kung'oa kama inavyolipa kazi ya kuchimba mtaro, ingemfundisha ofisa ugani wa kata kuutambua mti huu kabla ya kumpa pikipiki, na ingewauliza wafugaji wapi waliuona kwanza. Wao ndio wanaotembea na ng'ombe. Hakuna satelaiti inayoijua njia ya mbuzi kuliko mchungaji.

Kwa wanafunzi wa historia nina neno pia. Tumezoea kuandika historia ya miradi ya maendeleo kwa kusoma taarifa za mwisho za miradi, na taarifa hizo huandikwa wakati miche ina urefu wa mita moja. Hakuna mfadhili aliyerudi mwaka wa 30 kuandika sura ya mwisho. Sura hiyo iko midomoni mwa wazee, katika majina waliyoyapa mimea, na katika malisho yaliyofungwa. Nendeni mkaisome huko.

Na mjomba? Alasiri ile sikuweza kumshawishi kwa takwimu. Nilimsimulia habari za yule mama wa Marigat aliyebeba maji kichwani. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akaniuliza kama ninajua jina la mti uliokuwa pale birikani alipokuwa kijana. Sikujua. Akaniambia ulikuwa mgunga mkubwa, na kwamba ulikatwa kwa ajili ya mkaa mwaka ambao ada ya binti yake ilikosekana. Kivuli alichokuwa akikitetea hakikuwa cha mrashia. Alikuwa akijaza pengo.

Tuliung'oa siku iliyofuata, yeye, mimi na vijana wawili. Ilituchukua hadi jua la saa tano, na mikono yangu ya chaki ilitoka malengelenge. Kisiki cha ule mgunga wa zamani kilikuwa hatua chache kutoka hapo, na pembeni yake, ndani ya majani makavu, palikuwa na chipukizi za mgunga zenye urefu wa kiganja ambazo mbuzi walikuwa wakizitafuna kila mwaka. Tulizizungushia matawi ya miiba ya mrashia tuliyoyakata, baada ya kuyapukuchua maganda yote. Mjomba alisema wazo hilo ni lake, na ni kweli lilikuwa lake. Nilikuwa sijamuuliza.